Titi Moja, Watoto Wawili

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze kusema na wewe bila hiyo.

Nakuandikia kutoka Lipingo, nyumbani kwa mama mkwe. Nimekaa barazani kwenye mkeka. Mjukuu wako amelala ubavuni mwangu, nimemvua nguo, nimemfungia pamba safi huko chini, nangoja akojoe. Ndiyo, mama, mwalimu mzima wa bayolojia, nimekaa nangoja mkojo wa mtoto kama mtu anayengoja basi la Songea. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi sicheki. Nikiacha kuandika naanza kuhesabu pumzi zake, ndiyo maana naandika.

Huyu humjui. Amezaliwa wewe ukiwa umeshaondoka. Ni wa kike, tumempa jina lako, Skolastika, na huku ukweni wanamwita Bibi. Pua ni ile yako ile, maskini, hakuna aliyemsaidia. Leo asubuhi amenyonya. Kwa mtoto mwingine yeyote hiyo ni habari njema. Mimi tangu asubuhi namtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

Inabidi nikueleze tangu mwanzo, na mwanzo unauma, kwa sababu unaanza na Yohana, na Yohana unamjua kuliko mtu yeyote.

Unakumbuka alivyozaliwa vizuri. Ulitoka Mkumbi na kapu lako la ndizi na unga wa ulezi, ukaingia kwenye chumba chetu cha kupanga pale Mbinga, ukamnyanyua, ukasema, "Huyu atalima mashimo ya ngoro mpaka wazee waone aibu." Siku za kwanza alinyonya kama mwenye ugomvi. Halafu akaanza kutapika. Halafu macho yakawa ya manjano, ngozi ikawa ya manjano, na kunyonya kukamshinda. Ndipo ulipotoa kile kijiko chako kidogo cha bati, chenye mpini uliopinda. Mimi nikawa nakamua maziwa kwenye kikombe, wewe unamdondoshea mdomoni, tone kwa tone, na kuomba Salamu Maria kati ya tone na tone. "Mpe, mwanangu, usichoke kumpa. Maziwa ya mama ndiyo dawa." Na mimi nilipokuwa nasinzia nimekaa, ulinishika bega ukasema, "Lala, mwanangu. Zamu ni yangu." Ulisema hivyo kila mara. Sikumbuki hata mara moja uliposema kwamba zamu ni yangu.

Tukampeleka hospitali. Wakasema ni manjano, na damu imeingia wadudu. Wakamwekea dripu, wakasema asipewe kitu kwa mdomo kwanza. Unakumbuka alivyofumbua macho? Alilia kwa sauti. Wewe ulipiga kigelegele wodini, nesi akakukanya, ukapiga tena. Walipoitoa dripu tukarudi kwenye kikombe na kijiko kwa furaha, tukampa, tukampa, na yeye akazama tena.

Jioni moja ulimbeba ukaenda naye mlangoni penye mwanga. Ukamtazama muda mrefu. Ukasema, "Macho ya mtoto huyu yana ukungu." Nilikujibu vibaya. Nilisema, "Mama, usiniongezee." Hakumaliza mwezi.

Tulimzika Mkumbi, chini ya mibuni, na msimu wa kuchuma uliofuata wewe mwenyewe ukaanguka katikati ya mibuni hiyohiyo, kapu likiwa kiunoni. Presha, wakasema. Baba alinipigia simu akawa anahema tu. Uliondoka ukiamini kwamba Mungu alichukua cha kwake, na kwamba sisi tulifanya yote tuliyoweza. Ni kweli, mama. Tulifanya yote. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

Nilipopata mimba hii walinipeleka kwa daktari wa watoto kwenye hospitali kubwa, dada kijana, mpole, mwenye kuuliza maswali mengi mpaka yanachosha. Aliniuliza habari za Yohana, kila siku na mambo yake. Nikamwambia kuhusu kutapika, kuhusu manjano, kuhusu dripu. Anaandika tu. Nikamwambia, na mama yangu alisema macho yake yana ukungu. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Mama yako yuko wapi? Ningependa kuongea naye." Nikamwambia ulipo, akanisogezea maji ya kunywa.

Sasa nisikilize, nitakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wale wa nyuma kabisa. Mimi nafundisha haya. Nimeyafundisha miaka yote, na chaki mkononi, na utani juu yake.

Sukari iliyomo kwenye maziwa ni sukari mbili zilizoshikana. Tumboni zinaachanishwa. Ya kwanza mwili unaitumia hivyohivyo. Ya pili inafanana nayo karibu kila kitu, ila sehemu moja ya umbo lake imeelekea upande mwingine, na mwili hauwezi kuitumia mpaka igeuzwe. Vinavyoigeuza vinaitwa vimeng'enya. Ni vitu vidogo mno, mwili wenyewe unavitengeneza, na kila kimoja kina kazi yake. Kimoja kikimaliza kinamwachia mwenzake, mpaka ile sukari ya pili inakuwa sawa na ya kwanza. Mimi ninavyo. Wewe ulikuwa navyo. Yohana alizaliwa kimoja hakipo.

Unakumbuka mwaka ule mashine yetu ya kumenyea kahawa ilivyovunjika jino katikati ya msimu? Kahawa iliyoiva haimsubiri mtu, kwa hiyo wewe na baba mliendelea kuchuma. Mkawa mnamwaga debe juu ya debe pale penye mashine, na mashine inazunguka bure, haimenyi. Lundo likapata moto ndani kwa ndani, likachacha, likaanza kuvuja maji meusi, na nyumba nzima ikanuka mpaka tukahamia jikoni kulala. Ndivyo ilivyokuwa ndani ya Yohana. Ile sukari ilirundikana, haina wa kuigeuza, ikachachia kwenye ini, ndiyo manjano yale. Ikaingia kwenye macho, ndio ukungu ule. Na sisi tulikuwa tunamwongezea debe, mama. Kila kijiko.

Sikuandikii kukulaumu. Nasema tena, kwa sababu najua moyo wako ulivyo mwepesi kujihukumu: sikulaumu. Maziwa yalitoka kwangu. Kama ni sumu, mimi ndiye niliyeitengeneza, na niliikamua huku nikimwimbia. Zipo siku natamani mtu anipige ili nijue nimelipa. Hakuna anayenipiga. Watu wananiambia pole.

Daktari alisema ni jambo la nadra, inabidi baba na mama wote wawili wawe wamebeba kasoro hiyo bila kujijua, na mtoto wa pili anaweza kuwa nayo au asiwe nayo. Kwa kumtazama hutajua. Bibi alipozaliwa walichukua damu yake, ikapelekwa mbali, na majibu hayajarudi. Mpaka yarudi, asionje maziwa. Yangu, ya ng'ombe, ya mbuzi, hata tone. Apewe maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa soya. Soya, mama! Ileile uliyokuwa unapanda ukalalamika kwamba haina mnunuzi. Nilidhani nitasaga tu, daktari akakataa kabisa, akasema mtoto mchanga haponi kwa soya ya kusaga nyumbani, ni lazima hiyo ya kopo. Na ya kopo Mbinga haipo. Inafuatwa Songea, na Songea nako ni kubahatisha.

Kama ungekuwepo ningekuja Mkumbi uzazi huu. Ungekaa mlangoni na ule mdomo wako na hakuna ambaye angekupita. Lakini hupo, baba hawezi kumwogesha mtoto mchanga, na mume wangu Gasto anashinda kwenye karakana yake ya kuchomelea. Kwa hiyo mama mkwe akasema niletwe huku ziwani, nikae kwake. Ni mama mwema. Ananipikia, ananikanda kwa maji ya moto, anamwimbia mtoto kwa Kinyasa. Lakini amezaa watoto wengi na amewanyonyesha wote, na kila akinitazama nakamua maziwa na kuyamwaga kwenye mchanga, uso wake unabadilika. Siku moja akasema kwa upole, "Mwanangu, hata nikijitahidi, jambo hili haliniingii." Wanawake wanaokuja kumwona mtoto swali lao la kwanza ni lilelile, "Ananyonya vizuri?" Nikieleza, wanaitikia kwa adabu, wakifika njiani nasikia sauti zao. Mwanamke gani anamwaga maziwa na mtoto analia?

Nimejifunga kifua kwa khanga mpaka nashindwa kupumua. Maziwa yanatoka tu. Mtoto akilia, yanatoka. Mtoto wa jirani akilia, yanatoka. Mwili wangu haujaambiwa, mama, au umeambiwa na umekataa kusikia.

Juzi kopo lilianza kuonyesha chini. Gasto akaenda Songea, akapata makopo, akapanda gari kurudi, na mvua ikaharibu barabara, gari likakwama. Nikaanza kumpunguzia Bibi, kidogo tu kila mara, ili tusifike mwisho. Alijua. Alilia kilio cha njaa, kile ambacho hakuna mwanamke anayeweza kukikalia kimya.

Leo asubuhi nilipanda kule juu kwenye mwamba ambako simu inashika, nimuulize Gasto amefika wapi. Nilimwacha Bibi na wifi Esta. Esta ni mdogo wake Gasto, ana mtoto wake Danieli, mnene, wa kuketi sasa, ananyonya mchana kutwa. Esta ananipenda. Ndiye anayenisuka, ndiye anayenichekesha. Nilipokuwa nashuka nikagundua sikisikii tena kile kilio, na nilifurahi, mama. Niliongeza mwendo kwa furaha.

Nikamkuta Esta ameketi hapa hapa nilipoketi mimi, Bibi kifuani kwake. Ananyonya. Amefumba macho, mkono wake mdogo umeshika titi kama mali yake, koo linapanda na kushuka. Sikuwahi kumwona ametulia hivyo tangu azaliwe. Esta akanitazama akatabasamu, akasema, "Wifi, alikuwa na njaa tu jamani."

Sijui nilifanya nini. Najua nilimnyang'anya. Najua nilipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani. Nilimwambia, "Umemuua. Umeniulia mtoto." Esta akabaki amekaa, titi lipo nje, linadondosha, anatazama mikono yake mitupu. Mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi. Esta ndipo akalia. Akasema, "Maziwa yangu yana nini? Mbona huyu ni mzima?" Akamnyanyua Danieli akanionyesha, mashavu yale, kana kwamba ananionyesha cheti.

Na ninajua kwamba wewe ungefanya hivyohivyo. Ungemwona mtoto wa mtu analia njaa na wewe mwenyewe una titi, ungemweka kifuani bila kuuliza, na ungeniambia baadaye ukitegemea nikushukuru. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia. Wanaoniulia watoto ni watu wanaowapenda.

Nilimpandisha Bibi mgongoni nikarudi juu kwenye mwamba nikampigia daktari. Nililia zaidi ya kusema. Akaniambia nitulie, kunyonya mara moja si mwisho wa dunia. Nisimpe tena, nimpe ya soya, nimtazame. Akianza kutapika mfululizo au kulegea nimlete mara moja, na hata asipolegea nimlete gari likipatikana. Akasema, "Mwalimu, ile dawa unayo?"

Ninayo. Ile dawa ya bluu tunayopimia sukari darasani. Niliomba chupa ndogo shuleni kabla ya kuja huku, na vichupa viwili vyembamba vya kioo. Daktari mwenyewe ndiye aliyenieleza: kile kikaratasi cha kupimia mkojo kinaona sukari moja tu, ile ya kwanza. Dawa ya bluu ya zamani inaziona zote mbili. Ukichemsha na ile sukari ya pili imo, bluu inageuka. Lakini haisaidii kwa mtoto ambaye hajaonja maziwa, kwa sababu hakuna kitakachoonekana. Ili kujua, ilikuwa lazima anyonye, na ni mama gani angemnyonyesha ili aone kama atakufa? Nilikuwa nayo mfukoni wiki hizi zote kama mzigo usio na kazi. Sasa ina kazi.

Niliporudi nikaanza kuandaa, Esta akasimama mbele yangu. Macho mekundu, sauti kavu. "Basi mpime na wa kwangu. Kama maziwa yangu yana ubaya, yaonekane." Nilitaka kumwambia aniondokee. Halafu nikaona ana haki. Danieli alikuwa ametoka kunyonya titi lilelile, dakika si nyingi. Nikampa pamba.

Kwa hiyo tuko wawili hapa mkekani, mimi na Esta, na watoto wawili kati yetu. Danieli alikojoa zamani, kwa fujo, nusu yake ikanirukia. Bibi bado. Ametapika kidogo, mara moja. Je, ni kutapika kule, au ni kucheua tu kama watoto wote? Nimenusa. Nimetazama macho yake kwenye mwanga mpaka yangu mwenyewe yakaanza kunichezea. Sioni ukungu. Lakini mimi sina macho yako.

Hata kuomba sijui niombe vipi. Bluu ikibaki bluu, nitafungua khanga hii sasa hivi. Ikigeuka, basi. Sijui. Nimefundisha watoto wa watu kwamba matokeo hayabembelezwi, na leo nayabembeleza. Sitaki kulizika jina lako mara mbili, mama. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani. Mara ya pili naijua miguu yangu, haitanibeba.

Amekojoa.

Ninaendelea baadaye. Jua limeshaelekea ng'ambo ya ziwa.

Nilikamua pamba. Mama mkwe aliweka sufuria ya maji kwenye mafiga. Nikatia dawa kwenye vichupa viwili, nikafunga uzi mwekundu kwenye cha Bibi, cha Danieli nikakiacha wazi. Matone ya huyu, matone ya huyu. Nikaviweka kwenye maji yanayochemka. Vyote viwili bluu, rangi ya sare za shule. Esta alichuchumaa upande ule, mimi upande huu, mama mkwe amesimama nyuma yetu ameshika khanga yake mdomoni.

Cha Danieli kilikaa bluu. Tulikichemsha, tukakichemsha, bluu.

Cha Bibi kilianza kwa kijani. Nikajiambia ni moshi, ni kivuli. Kikawa cha njano. Kikawa rangi ya chungwa. Halafu kikatulia kwenye rangi ile ninayoichora ubaoni kila mwaka, rangi ya tofali lililochomwa, na chini kukawa na unga mzito.

Kuku wakapita. Nilitoa vichupa nikavisimamisha kwenye mchanga, kimoja kando ya mwenzake. Esta akavitazama muda mrefu, kisha akajitazama kifua chake. Akasema polepole, "Titi moja, wifi. Titi lilelile." Akajifunika.

Nikamwambia, "Maziwa yako hayana ubaya. Hayakuwahi kuwa na ubaya." Na nilipolisema hilo nikasikia kwamba nakwambia wewe, na najiambia mimi. Nikaanza kulia mpaka nikashindwa kukaa. Esta ndiye aliyenishika. Nilimlilia yeye, niliyemwita muuaji asubuhi.

Mama mkwe aliketi chini, pu. Akasema, "Basi hata Yohana..." Hakumaliza. Alikuja kumwona Yohana mara moja tu wakati ule, na alileta samaki wakavu ili nipate maziwa mengi.

Sasa najua, mama. Nilikuwa nadhani nataka kujua. Majibu ya damu yatakuja na karatasi, lakini mimi nimeshaona. Huyu ni kama kaka yake. Mashine haina jino na haitalipata, hakuna dawa ya kulirudisha. Hatanyonya. Hatakunywa chai ya maziwa kwenye harusi ya mtu, wala hatapewa mtindi akiumwa. Nitashinda na roho mkononi kila atakapocheza kwa jirani, maana kila nyumba yenye upendo ina kikombe. Na kila nikifikiri kwamba anaweza kuishi, namwona Yohana siku ile ya dripu, alipokaa bila maziwa, alivyofumbua macho, alivyotuambia kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Angekuwa wa kuishi. Sijui nipeleke wapi jambo hili. Nimekuletea wewe kwa sababu sina pengine.

Lakini yupo. Amenyonya mara moja, na yupo. Hakutapika tena. Nikimgusa mguu anaurudisha kwa hasira, pua yako imekunjamana. Gasto amempigia simu jirani aliyekuwa kule mwambani, gari limetoka kwenye tope, anafika usiku na makopo, na kesho tunapanda nalo kwenda hospitali.

Jirani mmoja alipita muda si mrefu, akauliza kutoka njiani kama kawaida, "Bibi ananyonya?" Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akajibu, na alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka majini. "Hanyonyi huyu! Na atakayempa titi atanikuta mimi hapa mlangoni!" Ameketi palepale bado. Mwiko anao. Nilimtazama nikakuona wewe, na nikaumia, na nikapumua.

Kuna jambo moja nilikuwa sitaki kukuandikia. Kile kijiko chako ninacho. Baada ya mazishi yako nilikikuta jikoni kwako, nikakitia mfukoni bila kufikiri. Daktari aliponieleza, nikakichukia. Nilikuja nacho huku nikiwa nimekifunga kwenye kitambaa chini kabisa ya begi, ili nikitupe ziwani mahali ambapo hakuna atakayekiokota. Nimefika ufukweni nacho zaidi ya mara moja. Kila mara nilirudi nacho.

Jioni hii Bibi amekataa kikombe. Amechoka kulia, midomo haina nguvu ya kushika ukingo. Nikafungua begi. Nikakichemsha kwenye sufuria ileile, nikakikausha kwa khanga yangu. Nikakoroga ya soya yaliyobaki, nikampa tone kwa tone, kama ulivyonionyesha, kijiko kimeinama kidogo upande wa shavu asipaliwe. Nikadondosha tone la kwanza. Akameza. Akafungua mdomo akasubiri jingine.

Sitakitupa, mama. Nakuahidi hilo, na nakuahidi kwamba atakapokuwa na akili nitamwambia kijiko hiki ni cha nani, na ni nani aliyeona ukungu wakati sisi wote tulikuwa tunatazama manjano. Nitamweleza na habari za kaka yake. Nitamfundisha yeye mwenyewe kukataa kikombe cha mtu kwa adabu, kabla hajafundishwa kusoma. Na siku nikichoka, maana nitachoka, Esta amesema atakaa naye.

Msalimie Yohana. Mwambie hakuwa mtoto mkaidi, alikuwa anatueleza.

Umekesha vya kutosha. Lala, mama. Zamu ni yangu.

Mwanao